Nguchiro wa Mama Robi

Mugumu, 12 Januari 1957

Kwa mume wangu mzee, Babu Hezekia, Nkende.

Shikamoo Babu. Sisi huku tu wazima, isipokuwa jino moja la mama mkwe na baiskeli ya Simioni, ambavyo vyote viwili vinalia vikiguswa. Na wewe je? Nimesikia umekataa tena kwenda kupimwa macho. Siku moja utamwamkia ndama ukidhani ni mchungaji, na ndama akikuitikia usije ukalia. Simioni anakusalimu. Anaomba usimwite tena mwizi wa mke wako, kwa sababu ng'ombe alileta, na wewe mwenyewe uliwafungua midomo ukawakagua meno mbele ya wageni.

Migomba uliyotutumia kwa lori la Maftah imefika salama, kila mche na udongo wake wa Nkende ndani ya gunia, kama bibi harusi aliyefuatana na shangazi zake. Asante sana. Nimeipanda nyuma ya nyumba, karibu na kichuguu kikubwa. Mama mkwe wangu, Mama Robi, alinuna kidogo. Hana ugomvi na ndizi, ila kichuguu kile ni cha nguchiro wake.

Babu, ungekuja uone. Wanaishi ndani ya kichuguu ukoo mzima. Jua likitoka na wao wanatoka, mmoja mmoja, wanasimama kwa miguu miwili wakiota jua matumboni. Mama mkwe anaweka kigoda chake, anakunywa uji akiwatazama. Amewapa majina. Yule mnene anayesimama juu kabisa anaitwa Jumbe. Anasema tangu ukoo huo uhamie hapa, nyoka hajapita uani, na mimi nilipoolewa jambo la kwanza nililofundishwa katika nyumba hii halikuwa kupika. Lilikuwa kutomwaga maji ya moto upande ule.

Kuna jambo dogo tu. Kwenye mashimo ya migomba wametokea sisimizi nisiowajua. Wengi ni wadogo kama punje ya wimbi, rangi ya chai, lakini katikati yao wako wengine wenye vichwa vikubwa kuliko miili, kama mtoto aliyevaa kofia ya baba yake. Je, huko Nkende wapo?

Ni mimi mke uliyenyang'anywa,
Kezia

*

Nkende, 3 Februari 1957

Kwa Kezia, mke wa mtu asiyejua kutia mafuta baiskeli.

Marahaba. Barua yako imenikuta nikiwa mzima, na macho yangu ni mazima pia. Jana tu nilimtambua jirani yangu Heche kutoka ng'ambo ya barabara, ingawa baadaye ilionekana kuwa ni mke wake. Wanafanana.

Habari za hapa ni njema. Bati la kanisa limepaa kwa upepo, likatua kwenye shamba la mtu ambaye hajawahi kukanyaga kanisani, na sasa anasema ameitwa. Mama yako ni mzima. Baba yako ni mzima lakini bado mbishi.

Mwambie mama mkwe wako kuwa nguchiro ni viumbe wazuri, ila asiwape ujumbe kabla hawajalipa kodi.

Umeuliza habari za sisimizi. Mke wangu, sisimizi wako dunia nzima. Mwagia jivu. Mchungaji wetu anawasifu kila Jumapili kwa bidii yao, nami ni nani hata nimpinge mchungaji? Kuku wangu wote ni wazima kabisa, na wanalala mahali pao pa siku zote, kama ulitaka kujua.

Migomba usiinyime maji.

Mumeo wa kweli,
Hezekia

*

Mugumu, 10 Machi 1957

Kwa Babu Hezekia.

Shikamoo. Jino la mama mkwe limeng'olewa. Lilipotoka, aliliangalia akalitukana kwa Kikurya mpaka mganga wa meno, ambaye si Mkurya, akaomba atafsiriwe. Simioni alikataa kutafsiri. Baiskeli bado inalia.

Babu, mimi sikukuuliza habari za kuku.

Nimemwaga jivu. Wale wenye vichwa walikaa kando kidogo, jivu likapoa, wakaendelea na safari yao. Wameingia kwenye maziwa, kwenye kihenge cha wimbi, kwenye viatu vya Simioni vya Jumapili. Nilitega kipande cha mafuta ya nyama mlangoni, na kabla sijageuka kilikuwa kimefunikwa na sisimizi, lakini hakuna hata mmoja wa wale wetu weusi wakubwa wanaotembea kwa mstari. Hao siwaoni tena. Hata siafu wamepotea. Mvua za kwanza zilipoanza, jirani zetu walikinga kumbikumbi kwa mabeseni, watoto wakala mpaka wakaumwa matumbo. Kwenye kichuguu chetu hakukutoka kumbikumbi hata wa kuonja. Simioni alichimba pembeni kwa jembe. Ndani hamna mchwa. Vimejaa vichwa.

Na Alhamisi nguchiro wamehama.

Niliwaona kwa macho yangu. Nilikuwa naanua nguo. Walitoka kwa fujo, wakijikuna, wakirukaruka kama wamekanyaga makaa. Halafu mama mmoja akatoka na mtoto mdomoni, ameshikwa shingoni, ananing'inia kama kibuyu. Akapita mbele yangu bila kunijali, akateremka mpaka kijitoni, akavuka. Akaja wa pili na mtoto wake. Yule wa kwanza akarudi kuchukua mwingine. Jumbe alibaki nyuma kabisa, akipiga kelele, mpaka wa mwisho alipovuka. Kisha naye akaondoka, wala hakugeuka kututazama.

Mama Robi alikuwa amesimama nyuma yangu. Sijui alikuwa hapo tangu lini. Akauliza, "Umewafanya nini?"

Nikasema, "Sijawafanya kitu, mama."

Akasema, "Walikuwepo kabla yako."

Alichukua kigoda chake akaingia nacho ndani. Tangu siku hiyo hajaniita mokamona, yaani mke wa mwanangu, kama alivyozoea. Ananiita "wewe". Lakini usiwe na wasiwasi, mambo mengine ni mazuri.

Nakuuliza mara ya pili. Huko kwako wapo, hawapo?

Kezia

*

Nkende, 28 Aprili 1957

Kwa Kezia mpenzi.

Marahaba mara mbili, kwa sababu barua yako imekaa wiki nyingi. Mvua imekata barabara, kivuko cha Kirumi kimesimama, na lori la Maftah lilizama kwenye matope mpaka dereva Rubeni akalala juu ya magunia ya chumvi, akaamka mwili mzima umekauka kama samaki.

Kuhusu nguchiro, usihuzunike. Mimi nilikuwa askari, najua. Kambi huhamishwa. Tulipokuwa kwenye vita vya Mjerumani, afisa wetu alikuwa anatuhamisha kila tukimaliza kuchimba choo, na hatukumuuliza sababu. Nguchiro nao huenda wana afisa wao.

Mama mkwe wako mpe muda. Mwanamke aliyeng'olewa jino huwa na hasira mpaka fizi zifunge. Mpikie uji laini. Msifu mtoto wake, hata kama ni Simioni.

Ng'ombe wangu mwekundu amezaa. Heche ameanza kujifunza kupiga kinanda, tuombeeni.

Karatasi imeniishia.

Hezekia

*

Mugumu, 19 Mei 1957

Kwa Babu.

Shikamoo. Leo nitasalimia kwa kifupi. Sote tunapumua.

Karatasi haikukuishia. Barua yako umeiandika kwenye karatasi ya kufungia sukari, na inanuka karafuu na mafuta ya taa. Nikajiuliza, kwa nini babu yangu mwenye meza yake na daftari zake aandike barua dukani kwa Maftah? Kwa hiyo Rubeni alipofika na lori nikampa maziwa ya mgando, nikamkalisha kivulini, nikamwuliza habari za Nkende kwa upole. Rubeni akishiba ni mtu mkweli sana.

Amesema wale wenye vichwa walionekana kwanza kwenye vyungu vya maua ambavyo Mwanamvua, mke wa Maftah, aliletewa kutoka pwani, na migomba yako iko ubavuni mwa uzio wake. Amesema kuku wako walioatamia wameliwa vifaranga vikiwa bado vinatoboa yai. Amesema tangu Krismasi hujalala kitandani kwako, unalala dukani juu ya marobota ya khanga, na miguu ya kitanda cha Maftah imewekwa kwenye makopo ya mafuta ya taa. Na kuku waliobaki unao hukohuko. Jogoo wako anawika juu ya mizani.

Nilicheka, Babu. Nilicheka mpaka Rubeni akacheka. Halafu nikaacha kucheka, na sasa nitakuambia yale ambayo sikukuandikia.

Swila ameingia kwenye banda letu. Ameua kuku sita, na mama mkwe alipokwenda kuangalia, akamtemea. Mate yalimpata shavuni, si jichoni, tunashukuru. Nilimwosha kwa maziwa. Alipoweza kusema, alisema mbele ya Simioni na mbele ya jirani yetu Philomena: "Nyumba hii ilikuwa na walinzi. Huyu amekuja, wameondoka." Philomena naye, Mungu amsamehe, akaongeza kwamba nguchiro sasa wako kwenye kichuguu chake ng'ambo ya kijito, na kwamba wananenepa.

Tangu mwezi wa tatu napika kwangu na kula kwangu. Juzi mama mkwe amemwambia Simioni anirudishe Nkende "nikapumzike". Wewe unajua maana ya kupumzika huko. Simioni amekataa, na sasa mama na mwana hawasemeshani, wanatumiana maneno kupitia mbuzi.

Waliniuliza mara nyingi: hawa wadudu wametoka wapi? Mimi niliwaona siku ya kwanza, Babu. Niliwaona wakitoka kwenye udongo wa gunia lako, nikiwa bado nimeshika mche mkononi. Kila wakiniuliza, nasema sijui. Sikutaka jina lako litajwe katika uwanja huu pamoja na nyoka.

Sikuambii ufanye lolote. Nakuandikia tu ujue.

Kezia

*

Nkende, 2 Juni 1957

Kezia,

Marahaba. Nakuja na lori la Ijumaa. Usimwambie mtu. Usichinje kuku, najua hamna. Tafuta madebe.

H.

*

Nkende, 14 Julai 1957

Kwa mke wangu Kezia, anayechimba kama mwanamume.

Nimefika salama. Mgongo ulifika siku mbili baadaye.

Maftah ameniuliza nilifanya nini huko Mugumu, na nimemsimulia namna hii, kwa hiyo ukikutana naye usinipinge. Nimemwambia nilishuka kwenye lori nikiwa na jembe begani, ukanikimbilia ukinilaki, nami nikakupita. Hilo ni kweli. Nimemwambia nilikwenda moja kwa moja nyuma ya nyumba bila kusalimia mtu, na mama mkwe wako akatokea mlangoni, shavu lina kovu, mikono kiunoni, akasema, "Mzee, kwetu mgeni huanza kwa salamu."

Nami nikasema, "Salamu baadaye. Nimekuja kuchukua vitu vyangu."

Nikang'oa mgomba wa kwanza. Chini yake pakachemka kama sufuria ya maharage, vichwa kwa maelfu. Vikanipanda miguuni. Maftah nimemwambia sikupiga kelele. Wewe unajua zaidi, lakini wewe ni mke wangu na mke hatoi ushahidi.

Sasa hili sikumsimulia Maftah. Mama Robi aliitazama ile migomba. Akanitazama mimi. Halafu akakutazama wewe, uliyesimama na debe tupu, muda mrefu, mpaka nikaona aibu kuendelea kuchimba. Akaingia jikoni, akatoka na chungu cha maji yanayochemka, akayamwaga yeye mwenyewe, upande uleule aliokukataza. Na jioni, nilipokuwa nimekaa na miguu ndani ya karai, nilimsikia akiita kutoka nyumbani kwake: "Mokamona! Chakula kitapoa, unamsubiri nani?"

Ulitoka mbio, ukapiga teke karai langu. Sikukasirika.

Tulichoma migomba yote, tukachemsha maji mpaka kuni zikaisha. Mama Robi ni mtu wa kazi. Ana ulimi, lakini ana mikono. Aliniambia ninachimba kama fuko kipofu. Nikamwambia fuko ni mnyama mdogo lakini ana nyumba yake mwenyewe, hakai kwa mwenye duka. Alicheka, nikaona pengo la jino.

Niandikie kama wamekwisha. Ukweli, si wa kunifurahisha.

Hezekia, mkazi wa marobota

*

Mugumu, 22 Septemba 1957

Kwa mume wangu mzee, Babu Hezekia.

Shikamoo. Hapa sote wazima, na mimi ni mzima zaidi ya mmoja, neno hilo mpelekee mama yangu polepole asije akaangusha kitu. Simioni amepaka baiskeli mafuta ya nyama, sasa hailii lakini mbwa wote wa Mugumu wanamfuata kazini.

Umetaka ukweli. Hawakwisha. Kwenye mashimo ya migomba walipungua, tukashangilia. Baada ya wiki tatu walitoka chini ya jiwe la kusagia, kwenye ukuta wa kihenge, na ndani ya kile kichuguu, ambacho sasa ni chao kabisa. Mama mkwe alipasua kichuguu kwa jembe mpaka katikati akitafuta mchwa hata mmoja. Hakumpata. Alikaa chini juu ya ule udongo. Nikakaa karibu naye. Akasema, "Nilifikiri wametukimbia sisi. Kumbe walikuwa na njaa, na watoto wanaumwa na sisimizi."

Kesho yake alichukua kigoda akavuka kijito, akaenda kuwatazama kwa Philomena. Na kesho yake tena. Hapo vikaanza vita, kwa sababu Philomena naye amewapa majina, na huyo Jumbe wetu amembatiza jina la Mwalimu. Wanawake wazima wawili, Babu, kila mmoja juu ya kigoda chake, wanabishana jina la mnyama asiyejua kama anaitwa. Lakini uji wanakunywa kutoka kibuyu kimoja.

Siku moja mama mkwe aliporudi kutoka huko alimwita Simioni na mimi. Akasema, "Mahali pasipokaa nguchiro, mimi sikai. Tutajenga ng'ambo, juu ya kilima, mbali kidogo na Philomena, maana anakoroma." Simioni akasema sawa, atatafuta mahali. Mama akamwambia, "Wewe utakata miti. Mahali atachagua mokamona."

Simioni akacheka. Akasema tangu lini mke kijana akachagua uwanja.

Mama akamwuliza, "Wewe ulijua nini kuhusu sisimizi?"

Alikuwa anajua viatu vyake tu.

Basi nilichagua. Nilizunguka kilima chote na vipande vya mafuta ya nyama, nikaviweka juu ya majani, hapa na pale, nikarudi baadaye kuona nani amekuja kula. Pale chini karibu na kijito nilikuta kimoja kina wenye vichwa. Wameshavuka, Babu, sijui kwa njia gani, labda kwenye kigoda cha mtu, na sitasema cha nani. Huko juu walikuja weusi wetu tu, wakubwa, kwa mstari wao, wakigombana na siafu. Sijawahi kufurahi kuumwa na siafu kama siku hiyo. Nikachomeka kijiti.

Kabla ya kuhama tulikung'uta kila kitu. Mikeka tuliianika juani, vyungu tuliviosha kwa maji ya moto, wimbi tulilipepeta upya lote. Mama Robi alisimama kijitoni kama askari wa forodha, hapiti mtu wala mbuzi bila kukaguliwa miguu. Mchungaji alipita kutusalimu, akavuliwa viatu. Mama mkwe anasema tukipanda mti wowote tutaupanda kwa mbegu, na mbegu ataiosha yeye. Najua wale wenye vichwa watafika huku siku moja. Nitaendelea kuweka mafuta yangu kwenye majani kila baada ya mvua, nione.

Jana ndiyo asubuhi yetu ya kwanza. Ukuta bado mbichi, moshi umejaa ndani, mimi naumwa kichefuchefu mlangoni. Mama mkwe akanishika mkono, akanong'ona, "Usikohoe."

Walikuwa wamekuja, ukoo mzima, juu ya jiwe lililo mbele ya nyumba. Wote wamesimama kwa miguu miwili, wanatazama ni watu gani hawa waliojenga karibu na kwao. Na watoto wale waliobebwa midomoni, wamekuwa wakubwa, wanasukumana.

Babu, wewe unamjua Mama Robi. Tangu niolewe sijamwona akimwamkia mtu kabla hajaamkiwa, hata mchungaji, hata bwana shauri wa serikali. Alifunga vizuri nguo yake kiunoni, akapiga hatua moja mbele, akainamisha kichwa kidogo, akasema kwa sauti ya chini, "Mmeamkaje?"

Jumbe alimtazama kwa muda. Halafu akapinda shingo, akaokota mende, akaanza kula.

"Wameitikia," mama mkwe akaniambia, naye akaingia ndani kuwasha moto.

Kezia